Je, Wajua Kwa Nini Keki ya Biskuti Huungua Ukingoni na Kubaki Mbichi Katikati?

Keki ya biskuti ni biskuti moja yenye upana wa sinia, ambayo hupambwa kwa krimu na kukatwa vipande kama keki ya siku ya kuzaliwa. Viungo vyake ni vilevile vya biskuti ndogo, yaani unga wa ngano, siagi, sukari, mayai, soda ya kuokea na vipande vya chokoleti. Hata hivyo, mtu aliyezoea kuoka biskuti ndogo nzuri hushangaa anapoitoa hii kubwa: ukingo umekolea rangi na kuwa mgumu kama kigae, ilhali katikati pamedidimia, na kijiti kilichochomekwa hapo hutoka kimepakwa kinyunga kinachong'aa. Ya kwanza niliyooka mimi hapa Nairobi, katika bati la sentimita 30, ilitoka hivyo hasa, nami nikailaumu oveni bure.

Wengi hudhani kwamba tatizo ni upana, lakini sivyo. Mwaka 2003, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, kampuni ya Immaculate Baking Company ilioka biskuti ya vipande vya chokoleti yenye uzito wa zaidi ya tani 18 na kipenyo cha takriban mita 30. Ukiugawa uzito huo kwa eneo lake, kila mita ya mraba inapata kilo 24 hivi, na kwa kuwa kinyunga hakipishani sana na maji kwa uzito, unene wake kwa hesabu hiyo ulikuwa kama sentimita 2 au 3 tu. Biskuti pana kuliko nyumba iliweza kuiva kwa sababu haikuwa nene.

Unene ndio wenye neno kubwa kwa sababu joto huingia zaidi kutoka juu na kutoka chini, nalo husafiri polepole sana ndani ya kinyunga. Muda wa joto kufika kiini haukui sambamba na unene, bali hukua kwa mraba wake, kwa hiyo ukiongeza unene mara mbili, muda unaohitajika huongezeka karibu mara nne. Anayerundika kinyunga chote katika bati dogo ili keki ionekane imenona amejitafutia saa ndefu motoni, na ukingo hauwezi kuzistahimili, kwa maana wenyewe hupata joto kutoka pande tatu: juu, chini, na ubavuni kupitia ukuta wa bati.

Kuna na jambo la maji, ambalo kwangu ndilo linaloeleza mengi kuliko yote. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto, na kwa hiyo sehemu ya kinyunga ambayo ingali na majimaji haiwezi kupita kiwango cha maji kuchemka, hata oveni ikiwa na moto wa nyuzi 180. Nairobi iko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za selsiasi, si 100 kama Mombasa. Ukingo hukauka mapema, na ukishakauka hakuna tena cha kuuzuia, nao hupanda hadi kupita nyuzi 140, ambako protini na sukari huanza kugeuka kahawia kwa kasi na kutoa ile harufu inayojaza nyumba. Katika dakika ileile, ndani ya bati lilelile, katikati bado pamefungwa chini ya nyuzi 94.

Mwinuko huu huleta pia kule kudidimia. Hewa ya hapa ina kanieneo ndogo kuliko ya pwani, kwa hiyo mapovu ya gesi yanayotokana na soda hutanuka zaidi. Ukingo huwa umekwisha kushikana, mayai yakiwa yameganda na wanga kuvimba, wakati katikati bado panaumuka bila cha kupashikilia, tena sukari nyingi huchelewesha kushikana huko. Ukiitoa keki wakati huo, gesi hupoa na kusinyaa, na shimo hubaki. Mapishi mengi yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, hivyo mwokaji wa Nairobi hana budi kupunguza robo ya kijiko kwa kila kijiko kimoja cha soda.

Kwa hiyo kinyunga kitandazwe kwa unene wa sentimita moja na nusu, kisizidi. Ikiwa kipimo chako ni cha bati la sentimita 23 nawe una la sentimita 30, zidisha viungo kwa 1.7, si mara mbili, kwa sababu hiyo ndiyo tofauti ya maeneo yao. Moto uwe wa nyuzi 160 hivi, ili katikati papate nafasi ya kuufikia ukingo. Bati jeusi hufyonza mnururisho wa joto zaidi kuliko la alumini linalong'aa, na ukilitumia ukingo utawahi kukolea. Njia ninayoipenda ni kufunga kitambaa cha pamba kilicholoweshwa kuzunguka ubavu wa bati: maadamu hakijakauka, ukuta wa bati nao hauwezi kupita nyuzi 94, basi ukingo hupunguziwa mwendo.

Anayeokea kwenye jiko la makaa hukutana na shida nyingine, kwani chini ndiko huungua kwanza. Wapishi wa pwani walikwisha kuitatua zamani katika mkate wa kumimina kwa kupalia makaa juu ya kifuniko na kuacha machache chini. Ukiweka bati ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga kidogo, kisha ukapalia vivyo hivyo, keki ya biskuti huiva vizuri.

Kuitoa kunahitaji jicho. Ukingo uwe umeanza kujitenga na bati, na katikati pawe laini lakini pasing'ae, na kijiti kitoke na chembechembe badala ya uji. Kinyunga kinachong'aa ni kibichi, na mayai mabichi pamoja na unga mbichi huweza kubeba vijidudu vya kuumiza tumbo, kwa hiyo kisisamehewe kwa kuitwa ulaini. Ikishatolewa iachwe ndani ya bati lake, kwa kuwa joto la ukingoni huendelea kusafiri kuelekea katikati kwa dakika kadhaa, na siagi iliyoyeyuka huhitaji muda kuganda upya. Krimu ya siagi nayo hulegea ikikaribia nyuzi 32 na kuteleza ikiwa keki ingali vuguvugu. Mimi huweka kiganja chini ya bati, katikati kabisa, na nikihisi joto lolote hapo sishiki kisu.