Dirisha la Linux ndani ya Windows: mashine ya pili bado ipo

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mtu anayeandika programu kwa kulipwa: "Siku hizi Windows 11 inaendesha programu za Linux yenyewe, mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa inayowaka ndani ya kompyuta yako) zimepitwa na wakati." Si kweli, na nimechoka kulisikia, maana kuna watu wanapoteza faili kwa kuliamini.

Fungua gedit, programu ya Linux ya kuandikia maandishi, kutoka menyu ya Start ya Windows. Dirisha linakaa ubavuni mwa Word, unakopi huku unabandika kule. Lakini nyuma yake WSL 2, sehemu ya Windows ya kuendeshea Linux, imewasha mashine pepe yenye kerneli (kiini cha mfumo) kamili ya Linux. Humo ndani WSLg, sehemu ya WSL ya kuonyesha madirisha iliyoingia 2021, inaendesha Weston, programu ya Linux ambayo ndiyo inayopanga dirisha lile. Kisha RDP, itifaki ile ile ya kuendeshea kompyuta iliyo mbali, inalivusha dirisha peke yake bila desktopu yake. Angalia aikoni iliyo chini ya skrini: ina pengwini mdogo pembeni, alama ya Linux. Fungua Task Manager uone vmmem (au VmmemWSL), yaani mashine pepe yenyewe, inavyokula RAM. Mashine ndiyo hiyo.

Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows kwenye Linux, ni habari nyingine. Tangu 1993 inatafsiri miito ya Windows ili Linux iielewe, na hakuna mfumo wa pili unaowaka. Tusivichanganye.

Kinachonikera hasa ni imani kwamba mshono usipoonekana, basi haupo. Watengenezaji wa mashine pepe walishaanza kuuficha: Parallels walileta Coherence na VMware wakaleta Unity kwenye Mac mwaka 2007, zote za kuonyesha dirisha la programu ya Windows bila desktopu yake, na Windows 7 ikaja na XP Mode, yaani Windows XP ndani ya mashine pepe, mwaka 2009. Ikafika tarehe 8 Aprili 2014, msaada wa XP ukakoma. Programu ya zamani iliendelea kufunguka katikati ya desktopu ya Windows 7 kama jana yake, huku ndani kukiwa na XP isiyopata tena viraka vya usalama. Antivirusi ya mwenyeji (Windows 7) haikuwa ikimlinda mgeni (XP). XP ilihitaji ya kwake. Mtumiaji angejuaje, wakati dirisha halimwambii kitu?

Na mlango uko wazi pande zote mbili. Ndani ya WSL, diski yako ya C iko pale pale kwenye /mnt/c, unaandika na kufuta kwa ruhusa zako zote. Piga rm -rf, amri ya Linux ya kufuta kila kitu bila kuuliza, ukiwa humo, faili za Windows zinaondoka moja kwa moja, hazipiti Recycle Bin. Halafu kuna wanaoweka mradi mzima kwenye /mnt/c, git status (amri ya kuangalia mabadiliko ya mradi) inajikokota, lawama anapewa Linux. Kila faili hapo inavuka mpaka kati ya Linux na Windows kwa 9P, itifaki ya kushirikiana faili. Hamishia mradi kwenye /home, upande wa Linux wenyewe, utaona tofauti.

Unaweza kuufunga mlango: kwenye faili la mipangilio /etc/wsl.conf, chini ya [automount], andika enabled=false, kisha upande wa Windows piga wsl --shutdown ili WSL iwake upya. Ila ukifanya hivyo, nusu ya raha iliyokuleta huku imeondoka, na hapo ndipo ninapoyumba mwenyewe. Kwenye kompyuta zenye kumbukumbu za wateja ninafunga bila kuuliza mtu. Kwa anayejifunza, kuna siku naona afadhali aanze na mashine pepe yenye dirisha lake kubwa, desktopu yake na saa yake, ajue kila mara yuko upande gani. Siku nyingine naona namnyima kitu kizuri bure. Yangu nimeiacha wazi.