Je, wajua kwa nini mlima wa Matema unatumbukia ziwani?

Ukisimama kwenye mchanga wa Matema, wilayani Kyela, ukalielekea Ziwa Nyasa, mkono wako wa kulia nchi ni tambarare mpaka macho yachoke: mpunga, mikakao, michikichi. Mkono wa kushoto ni ukuta. Hakuna vilima vya kutangulia wala mteremko wa kujizoeza. Mlima unashuka na miti yake hadi majini, kama mtu aliyejitosa na nguo zake. Mpwa wangu wa darasa la nne alipouona mara ya kwanza aliuliza swali ambalo sisi watu wazima huwa tunalipita: "Mjomba, mbona mlima umeingia ziwani?"

Mlima haukuingia popote. Kilichoshuka ni ziwa.

Ziwa Nyasa limekaa ndani ya Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi ya Afrika Mashariki inavutwa huku na huku kwa mamilioni ya miaka. Ardhi ikivutwa hivyo hupasuka, na kipande cha katikati huzama. Ila hakizami sawasawa. Chukua sinia, liinamishe upande mmoja, kisha umimine maji: yatajazana upande wa chini, na upande wa pili yatabaki ya kulowanisha vidole tu. Huku kaskazini mwa Nyasa ufa mkubwa umepita upande wa mashariki, mguuni mwa ukuta ule ule, kwa hiyo sinia limeinamia kwetu. Ng'ambo, Karonga kule Malawi, nchi inapanda polepole. Kwetu inasimama wima.

Uso wa ziwa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Ukiupanda ukuta ukavuka kuelekea Makete, utafika uwanda wa Kitulo wenye kimo cha mita 2,600 hivi, kwenye hifadhi ya taifa ya maua ambayo watu huiita Bustani ya Mungu. Huko juu asubuhi za Juni kuna sakitu kwenye majani na watu wanalima viazi. Huku chini kakao inaiva na watoto wanashinda majini. Na maji yenyewe ni marefu kweli. Pale penye kina kirefu kuliko pote, kusini zaidi upande wa Malawi, ni karibu mita 700, yaani sakafu ya ziwa iko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari. Bahari yenyewe ipo mamia ya kilomita kutoka hapa.

Ramani huiita safu hii Milima ya Livingstone, kwa heshima ya yule Mskoti aliyefika ziwani mwaka 1859 akitokea kusini. Wenyeji wengi wanasema tu Ukinga, kwa sababu juu wanakaa Wakinga, na mimi naona hilo ndilo jina lenye maana zaidi.

Sasa ule utambarare wa kulia umetoka wapi? Umeteremka kutoka Rungwe, mlima wa volkano ulio juu ya mji wa Tukuyu. Mvua ya Tukuyu kila mtu anaijua, haina adabu. Maji yake yanashuka kwa mito, kwa Kiwira, kwa Mbaka, kwa Lufilyo, yamebeba udongo wa volkano, na yakifika chini yanaishiwa nguvu na kuutua. Sehemu kubwa ya bonde la Kyela ni udongo wa namna hiyo, uliojaza ncha ya shimo miaka nenda rudi. Mchele wa Kyela unaoulizia sokoni Mbeya umeota juu ya mzigo wa mito. Matema imekaa kwenye mshono, pale udongo wa mito unapokutana na mwamba wa ufa, na ndiyo maana kwa matembezi ya nusu saa tu unabadilisha nchi.

Mchanga nao una sababu yake. Lufilyo inaingia ziwani karibu na hapo, na mawimbi yanafanya kazi ya ungo: matope yanapelekwa mbali, mchanga unarudishwa ufukweni. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, na Matema iko kwenye ncha kabisa. Upepo wa kusini unapovuma miezi ya kiangazi, ambao wavuvi wa Malawi wanauita mwera, una njia ndefu sana ya kuyasukuma maji kabla hayajakutana na ufukwe. Ukisikia mngurumo usiku ukadhani uko Bagamoyo, hujakosea sana.

Kwa hiyo ukifika, usilale kwenye mchanga siku nzima. Amka mapema upepo haujaanza, patana na mwenye mtumbwi, mwambie akupeleke kushoto. Mbele ya ufukwe unaona mchanga chini yako, unapauka, unaingia rangi ya kijani. Ukishafika kwenye mwamba, mawe makubwa kama vibanda yanashuka chini ya mtumbwi, na baada yake ni bluu tupu. Maji ni maangavu kwa sababu vijito vya ukutani ni vifupi na vimepita juu ya mwamba, havina matope mengi ya kuleta. Tena maji ya vilindini hayachanganyiki vizuri na ya juu: rutuba inazama na kubaki huko, na kijani cha mwani hakipati chakula cha kutosha cha kuchafua juu.

Tazama kati ya mawe. Utaona samaki wa urefu wa kidole, wa bluu, wa njano, wenye milia, ambao Malawi wanaitwa mbuna. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki zisizopatikana kwingine duniani, na hawa wa miamba ni sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Samaki wa jiwe hili haoni sababu ya kuvuka mchanga mtupu kwenda jiwe la pili, ambako ataliwa njiani. Basi kila rundo la mawe linakuwa kama kisiwa, na ukoo wake unabadilika kivyake, rangi kwa rangi. Mama hutunza mayai mdomoni hadi vifaranga watoke. Wa kitoweo ni wengine, mbasa na dagaa wa usipa, hao utawakuta kwenye sahani.

Tahadhari mbili kabla hujavua viatu. Kichocho kipo ziwani, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, na karibu na mlango wa mto uliza kwanza habari za mamba. Ufa nao haujalala: Desemba 2009 Karonga ilitikiswa na mfululizo wa matetemeko, moja la ukubwa wa takriban 6.

Ukiendelea na mtumbwi kando ya ukuta utafika Ikombe, kijiji cha Wakisi. Hapo ndipo unaelewa ukuta unamfanya nini binadamu. Mahali pa kulima hapatoshi, lakini udongo wa mfinyanzi upo na ziwa lipo. Wanaume wakawa wavuvi, wanawake wakawa wafinyanzi, na tangu zamani vyungu vya Wakisi vimevuka maji kwenda kubadilishwa kwa chakula na Wanyakyusa wa tambarare. Mwenye mwamba na mwenye mpunga walihitajiana.

Jumamosi vyungu vinashushwa Lyulilo, pembeni kidogo mwa Matema, vimepangwa ndani ya mitumbwi mdomo kwa mdomo. Usinunue kwa macho. Mama aliyeniuzia alikiinua chungu kwa mkono mmoja, akakigonga kwa kifundo cha kidole karibu na sikio langu. Kililia kama kengele ndogo. Akagonga kingine, sauti ikawa butu, akakiweka pembeni bila kusema neno. Kilikuwa na ufa ambao jicho langu halikuuona. Kile kilicholia nilikipakata kwenye basi, Ipinda, Tukuyu, hadi Uyole, na kila tuta nililihesabu.