Kali Linux si ya kujificha, jamani

Tangu Windows 10 iachwe bila sapoti, tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, vijana wengi hapa Lubumbashi wanahamia Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta wenye aina nyingi, na mimi nafurahi kabisa, lakini karibu kila anayeniletea mashini anataka aina moja ya Linux inayoitwa Kali. "Papa, niwekee Kali, niwe salama, mtu asinione." Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa.

Kali inatengenezwa na OffSec kwa watu ambao kazi yao ni kupima usalama wa mifumo, na wenyewe wameandika mu maelekezo yao kwamba haimfai mtu anayeanza Linux wala mashini ya kazi za kila siku. Haikufichi. Ukiingia Facebook na Kali, Facebook inaona IP (anwani yako ya mtandao) ileile ingeona ukiwa na Windows, na kampuni inayokuuzia mega za intaneti inaona umeenda wapi, yote sawasawa.

Na kinachonikasirisha zaidi ni hizo mega. Kali ni rolingi, programu mpya zinaingia kila wakati, unafanya apdeti leo, kesho kutwa inadai mamia ya mega tena. Nani hapa Katuba ao komini yetu ya Kenya ataweza kulipa hiyo kila wiki? Basi mtu anaacha apdeti, miezi inapita, anatembea na mashini yenye matundu yanayojulikana dunia nzima huku anajiona mjanja. Debian stebo, toleo tulivu la Linux nyingine, inaleta marekebisho ya usalama na mengine machache, basi. Tena mu mwezi wa tatu 2024, mlango wa siri ulipofichwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, waliofanya apdeti ya Kali kati ya tarehe 26 na 29 waliupata, Debian stebo haikuguswa. Aliyeugundua, Andres Freund, alishtuka juu ssh, programu ya kuingia kompyuta nyingine kwa mbali, ilikuwa inachelewa karibu nusu sekunde!

Kwa hiyo Debian, Mint, Fedora, chagua unayoipenda, sitagombana na mtu. Ninachogombania ni kile kiboksi cha kusimba diski (kuifunga asiyejua neno la siri asisome kitu) wakati wa kuinstoli, watu wanakipita mbio. Kiweke alama, andika neno la siri refu. Halafu uzime mashini, UZIME, usifunike tu. Ukifunika inalala, na ikilala funguo ya LUKS, ndiyo programu inayosimba diski, inabaki ndani ya RAM, kumbukumbu ya muda ya mashini, aliyeiiba ameibeba pamoja na funguo. Najua umeme ukikatika mtu anafunika haraka ili kuokoa betri, lakini ukitoka nyumbani nayo, zima.

ISO, yaani mafaili ya kuinstolia Linux, za kupitishana kwa flashi: hakiki kwanza saini ya kidijitali ya walioitengeneza. Mwezi wa pili 2016 tovuti ya Mint yenyewe ilivamiwa na watu wakaelekezwa ku ISO yenye mlango wa nyuma, sembuse flashi ya rafiki wa rafiki.

Tails, Linux nyingine tena, ni kitu kingine. Inawaka toka ku flashi ya giga 8, kila kitu kinapita Tor, mtandao unaoficha unatoka wapi, ukizima inasahau. Ni nzuri sana, ila tu usiingie na akaunti yenye jina lako halafu ulalamike umejulikana. Tena mwenye mtandao hasomi unachofanya lakini anaweza kuona kwamba unatumia Tor. Qubes, mfumo mwingine, naiheshimu, inatenganisha kazi zako kwa mashini pepe, ila wenyewe wanashauri RAM ya giga 16 na nyinyi mnaniletea za giga 4.

Bado kuna jambo linaninyima raha, na vitabu vinalipita. Mtu mwenye nguvu akisimama mbele yako akasema fungua, utafungua. LUKS haina jibu hapo. Kwa wanaoandika habari za migodi nawaambia faili la hatari lisikae kabisa mu mashini, watumie Tails, lakini hata hiyo flashi ikikutwa mfukoni inaweza kuleta maswali, na mimi mwenyewe nasitasita kila nikimpa mtu. Ndiyo maana ukija kwangu nitakuuliza kwanza unamuogopa nani, mwizi, bosi, ao aliye juu ya bosi, kisha ndio tuongee mambo ya kuinstoli.