Punda jike anayeuguza mguu: apandishwe au asubiri?

Kwenye maweni ya Makunduchi na kule Micheweni, punda ndiye anayebeba mawe, mchanga, kuni na magunia ya mwani, na mara nyingi mguu ndio unaotangulia kuumia. Akishakaa bandani miezi miwili, mwenyewe huanza kuwaza: kuliko kukaa bure, si bora azae? Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na wafugaji. Wachache wenye farasi wa kubeba wageni ufukweni yanawahusu pia. Penye tofauti nimesema.

Swali: Assalaam alaykum, bwana mifugo. Punda wangu jike aliteleza na gari la mawe, akaumia mguu wa nyuma. Kidonda kimeshafunga. Kwa vile hawezi kuvuta, nataka nimpandishe angalau nipate mtoto. Kuna ubaya?

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Ubaya upo, ikiwa sababu ni hiyo peke yake. Mimba nayo ni kazi, tena haina siku ya mapumziko. Punda hubeba mimba karibu mwaka mzima, wengine hufika miezi 13 hata 14. Farasi ni miezi 11 hivi. Miezi mitatu ya mwisho ndipo mtoto anapokua kwa kasi, na uzito wote huo hushuka miguuni. Basi usiangalie mguu ulivyo leo. Angalia kama utaweza kumbeba yeye na mtoto mwezi wa kumi na moja, usiku na mchana, kisha usimame kunyonyesha miezi mingine baada ya hapo.

Tena kidonda kufunga siko kupona kwa mguu. Ngozi hujifunga kwa wiki chache. Kano iliyochanika huchukua miezi sita mpaka mwaka, na hata ikishika haiwi imara kama ilivyokuwa. Mfupa na kiungo vina hesabu yao, na hapo daktari wa mifugo ndiye wa kusema.

Swali: Nitajuaje kama mguu umepona kweli?

Mtazame asubuhi kabla hajatoka bandani. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya palipoumia, kisha mahali hapohapo kwenye mguu wa pili. Joto likizidi upande mmoja, ndani bado kuna moto. Halafu mtembeze kwa kamba kwenye ardhi ngumu, barabara ya lami inafaa, umgeuze kwa mzunguko mdogo kulia na kushoto. Mguu wa mbele ukiuma, kichwa hunyanyuka anapoukanyaga. Wa nyuma ukiuma, nyonga ya upande ule hupanda juu kuliko ya pili. Mtazame pia anavyolala na anavyoinuka, maana huko hawezi kujificha.

Nasema kujificha kwa sababu punda ni mvumilivu wa maumivu kuliko farasi. Anaweza kula na kutulia huku mguu unamuuma vibaya. Na kama bado anapewa dawa ya maumivu, usimpime siku hizo. Utakachokiona ni kazi ya dawa.

Jambo ambalo wengi hawalikumbuki ni mguu wa pili, ule mzima. Mnyama aliyeegemea upande mmoja kwa wiki nyingi huuchosha mguu wa upande huo mpaka ukwato wake unavimba ndani, na uvimbe huo unaweza kumlemaza moja kwa moja. Shika kwato zote nne. Ukwato wenye joto, na mnyama anayehamisha uzito mguu huu mguu huu bila kutulia, ni dalili ya kumwita daktari, wala si mnyama wa kupelekwa kwa dume.

Swali: Kuna jeraha ambalo likishatokea asizae tena?

Lipo. Nyonga iliyovunjika, hata kama imeunga na punda anatembea vizuri. Mfupa ukiunga vibaya hubana njia ya kuzalia, na mtoto akikwama kijiji kiko mbali na daktari, unawapoteza wote wawili. Asipandishwe kabla daktari hajaingiza mkono na kuipima njia hiyo. Wa pili ni yule mwenye ugonjwa wa kwato uliokuwa sugu. Wa tatu ni asiyeweza kuinuka mwenyewe bila kusaidiwa.

Halafu jiulize aliumia kwa nini. Jeraha la msumari, la gari au la kuangukia jiwe mtoto harithi. Lakini kama miguu yake imepinda tangu kuzaliwa, au kwato zake zimekaa vibaya, na ndiyo maana akajikwaa, mtoto naye anaweza kuzaliwa hivyohivyo, na ukaanza upya kuuguza mguu uleule kwa mnyama mwingine. Huyo mimi namshauri mwenyewe amwache, hata akipona.

Swali: Kwa dume kwenyewe hakuna hatari?

Ipo, hasa kwa mguu wa nyuma. Dume akipanda, uzito wake mwingi huenda kwenye miguu ya nyuma ya jike. Na punda dume hana haraka: humfukuza jike, humng'ata shingo, hushuka na kurudi. Ukiwaachia uwanjani penye mawe, jike aliyekuwa anapona atarudi anachechemea. Chagua dume asiyemzidi umbo. Tafuta mchanga ulio bapa, mshike jike kwa kamba, mwenzako amshike dume, wakimaliza watenganishwe. Jike akiwa kwenye joto utamjua: hufungua na kufunga mdomo kama anatafuna upepo, na hutulia dume akimkaribia. Joto hurudi kila baada ya siku 23 au 24 hivi, kwa hiyo kukosa mara moja si hasara.

Swali: Ninampa pumba nyingi apate nguvu. Ni sawa?

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu huruma yenyewe inaweza kuua. Pumba zina fosforasi nyingi na kalisi (kalsiamu) kidogo, na zikizidi humnyima mnyama kalisi. Mfupa unaounga unaihitaji kalisi hiyo, na mtoto tumboni anaihitaji. Msingi wa chakula cha punda ni majani makavu na nyasi. Pumba ziwe konzi za kuongezea tu.

Unene nao una hatari yake. Punda aliyenenepa kwa kukaa bandani, akipata mimba kisha akaacha kula kwa maumivu au kwa homa, mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na kumharibu ini. Wengi hawaponi. Punda mwenye mimba aliyekataa chakula siku nzima ni dharura, hata kama amesimama na masikio yake yako wima. Vilevile usimkondeshe kwa kumnyima chakula ghafla, kwa sababu njaa huleta balaa lilelile. Pitisha kiganja ubavuni: mbavu uzihisi kwa kubonyeza kidogo, bila kuziona kwa macho.

Swali: Na sindano ya pepopunda?

Usipandishe bila hiyo. Farasi na punda hushikwa na pepopunda upesi kuliko mifugo mingine, na kidonda kirefu cha msumari au jiwe ndiyo nyumba yake. Ambaye hajawahi kuchanjwa hupewa sindano mbili, kati yake wiki nne mpaka sita. Akiwa na mimba huongezwa nyingine wiki nne mpaka sita kabla ya kuzaa, ili kinga iingie kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza. Mtoto wa punda huzaliwa bila kinga ya mama yake. Huipata kwa kunyonya, na tumbo lake hufunga mlango huo ndani ya siku moja. Anyonye ndani ya saa mbili za mwanzo. Mama mwenye mguu unaouma husogeasogea na kumkatiza mtoto, basi siku hiyo awepo mtu wa kumshika.

Kuna wanaoniuliza kuhusu mbung'o, nzi anayeambukiza mifugo ugonjwa wa nagana, wamesikia habari za bara. Unguja iliondokana na mbung'o mwaka 1997, baada ya madume ya nzi huyo yaliyotasishwa kwa mionzi kuachiwa kwa wingi. Kupe bado wapo, na homa zao humkausha damu mwenye mimba. Mkague masikioni na chini ya mkia.

Swali: Mwezi gani unafaa?

Mimba ya punda ni mwaka, kwa hiyo msimu aliopandwa ndio atakaozalia. Akipandwa katikati ya masika atazaa kwenye matope, na matope ni adui wa kwato na wa kitovu cha mtoto. Mimi napenda mwezi wa sita: mvua kubwa imepita, nyasi bado zipo, chini pamekauka. Na kama mguu mwezi wa sita haujawa tayari, ngoja wa mwakani. Jike wa miaka saba hapotezi kitu kwa kusubiri mwaka mmoja. Wa chini ya miaka mitatu asipandishwe kabisa, mzima au mgonjwa.

Swali: Nimechelewa, dume wa jirani keshampanda. Nifanyeje?

Nenda ofisi ya mifugo ya wilaya wiki hii hii. Kama mguu hauwezi mimba, dawa ya kuitoa hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya siku ya 35. Baada ya hapo mambo huwa mazito. Dawa hiyo apige daktari, na mwanamke mwenye mimba asiiguse. Kama mguu unaweza, basi gari na shogi avuliwe miezi mitatu ya mwisho na mitatu baada ya kuzaa, kwato zikatwe kila wiki sita mpaka nane, alale kwenye majani makavu mengi. Akizaa tazama saa: kondo la nyuma lisipotoka ndani ya saa tatu mwite daktari, usilivute kwa mkono. Likibaki ndani, sumu yake huenda kwenye damu na kushukia kwato, na mguu uliouguza mwaka mzima unaweza kuharibika kwa siku mbili.