Bomba Halijaziba, Limelala

Masika yakiisha, simu yangu haipumui: "Fundi, choo kinarudisha maji, njoo na waya uzibue." Waya nabeba, lakini kazi naianza kwa tochi na kioo cha kunyolea.

Juzi nilikuwa Ilala, nyumba ya zamani upande wa bonde la Msimbazi. Maji yalifika madirishani, yakashuka yakaacha tope. Mama mwenye nyumba alishawalipa wazibuaji mara mbili. Kila wakiondoka, siku tatu nyingi, choo kimejaa tena.

Tukafunua chemba mbili, yale mashimo ya kukagulia bomba. Kijana wangu akamulika huku, mimi nikatega kioo kule. Bomba lililonyooka hukuonyesha duara kamili, kama mwezi wa kumi na nne. Mimi niliona nusu tu, chini maji yametuama. "Mama, hapa hapajaziba. Bomba limelala."

Mafuriko hupenya chini ya sakafu na kukomba mchanga uliobeba bomba, likabonyea. Na yale ya zamani ya udongo wa kuchoma ni vipande vifupi vifupi vilivyoungwa kwa saruji. Ardhi ikititia kidogo tu, kiungo kinapasuka, na mizizi haikawii kunusa maji. Pale tulichomoa mzizi wa mwarobaini mnene kama mkia wa ng'ombe.

Kutibu kiungo kimoja kimoja ni kutupa hela. Ng'oa bomba lote, chemba hadi chemba, weka la plastiki (PVC) la inchi 4, lile zito. Mama alitaka tuvunje sakafu siku ileile. Nilimwomba asubiri udongo ukauke, maana ukilaza bomba jipya juu ya tope, mwakani utaniita tena.

Penye kosa kubwa ni mwinuko. Mimi natumia sentimita 2.5 kwa kila mita. Pale palikuwa na mita 8, kwa hiyo sentimita 20 toka mwanzo hadi mwisho, tukapima kwa kamba na mrija mweupe wa mpira uliojaa maji. Mafundi wengine huinamisha sana wakidhani wanasaidia. Maji yanaweza kukimbia peke yake, kinyesi kikabaki. Chini ya bomba ni mchanga, si vifusi vya sakafu uliyovunja.

Kabla ya kufukia, ziba mwisho wa chini, jaza maji, weka alama, kanywe chai. Nusu saa baadaye maji yawe palepale. (Glovu na mabuti usivue, hata jua likiwaka, kipindupindu hakina adabu.)

Kwa vile bonde ni lilelile, kwenye chemba ya mwisho nilifunga valvu ya kuzuia majitaka yasirudi ndani. Ila nilimwambia mama: mto ukifurika, kifuniko cha valvu hiyo kinajifunga, na majitaka ya kwenu pia hayatoki. Siku hiyo msivute maji chooni. Na kila masika yakikaribia, afunue chemba asafishe kifuniko cha valvu. Kitambaa kimoja tu kikinasa pale, valvu haifungi tena.