Kuzika taka zenye mionzi chini ya sakafu ya bahari: sheria inasemaje

Kuzika taka zenye mionzi chini ya sakafu ya bahari ni kuziingiza ndani ya udongo au mwamba ulio chini ya maji, kwa nia ya kuziacha humo. Swali la kwanza la sheria ya kimataifa halihusu kina. Linahusu njia: taka zimeingilia baharini au nchi kavu?

Miaka ya 1970 na 1980 wanasayansi walioshirikiana kupitia OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri, walichunguza mbinu mbili: kuchimba visima kutoka melini na kushusha makasha humo, au kuangusha makasha yenye ncha yazame kwa uzito wake. Katika majaribio ya Atlantiki, yasiyotumia taka halisi, makasha yalipenya takriban mita 30 kwenye udongo laini. Wasiwasi mkubwa ulikuwa kama tundu linalobaki nyuma ya kasha huziba kabisa. Lisipoziba, maji hupata njia, na faida yote ya udongo, yaani kuzizuia taka zisitoke, inapotea.

Mkataba wa London wa 1972, unaohusu utupaji wa taka baharini, ulikuwa umekwisha kukataza kutupa baharini taka za mionzi mikali. Kasoro ni kwamba ulieleza bahari kuwa ni maji tu, bila kutaja ardhi iliyo chini yake. Basi kasha lililozama ndani ya udongo limetupwa baharini au la? Mwaka 1990 nchi wanachama ziliamua kwamba mkataba unahusu pia uzikaji unaofanywa kutokea baharini. Marekebisho ya 1993, yaliyoanza kutumika tarehe 20 Februari 1994, yakakataza kutupa hata taka za mionzi hafifu. Itifaki ya 1996 ya mkataba huo, inayotumika tangu 2006, ikaziba mwanya kwa maandishi: kuweka taka ndani ya sakafu ya bahari kutoka kwenye meli, ndege, jukwaa au muundo wowote uliojengwa baharini ni kutupa.

Itifaki hiyohiyo inaacha nje ghala la chini ya sakafu linalofikiwa kutoka nchi kavu pekee. Neno "pekee" lisomwe kwa makini, kwani shimo moja la kushushia taka kutoka jukwaani linaondoa msamaha wote. Mfano halisi ni ghala la SFR huko Forsmark, Uswidi, lililofunguliwa 1988: lipo takriban mita 60 chini ya sakafu ya Bahari ya Baltiki, na huingiwa kwa mahandaki yanayoanzia ufukweni. Taka huletwa kwa meli hadi bandarini, kisha hushushwa kwa gari. Safari ya melini haibadilishi hukumu, kwa sababu mlango uko nchi kavu. Ghala la namna hiyo halikosi sheria: husimamiwa na leseni za nchi husika na Mkataba wa Pamoja wa 1997 kuhusu usalama wa taka zenye mionzi, unaotaka nchi jirani zinazoweza kuathirika zishauriwe wakati wa kuchagua eneo.

Udhaifu uko kwenye utekelezaji. Itifaki inaziwajibisha nchi ambayo meli hupeperusha bendera yake, nchi ilikopakiwa taka, na nchi yenye mamlaka juu ya eneo la bahari. Nchi mbili za kwanza zisipokuwa wanachama, mzigo wote huiangukia nchi yenye pwani, ambayo mara nyingi haina vyombo vya kutosha vya doria. Kwa Afrika, Mkataba wa Bamako wa 1991, unaokataza kuingiza taka hatari barani, na ambao Tanzania ni mwanachama wake, unaongeza kinga: unazihesabu taka zenye mionzi kuwa taka hatari, na unazitaka nchi wanachama zizuie kuzikwa kwake ndani na chini ya sakafu ya bahari katika maeneo ya bahari yaliyo chini ya mamlaka yao.