Je, wajua kwa nini karo la choo lililovutwa juma lililopita limejaa tena?

Masika yakikolea Tanga, magari ya kuvuta maji taka hayalali. Yanaingia mitaa ya Ngamiani, Makorora, Mabawa. Mpira unapitishwa ujiani hadi uani, karo linavutwa, gari linaondoka. Siku ya saba mwenye nyumba akifunua mfuniko anakuta maji yamerudi palepale. Lawama huwa mbili: ama dereva kavuta nusu, ama karo lina ufa. Mara nyingi si hili wala si lile. Kosa hilo ni la wengi, mwandishi wa makala haya akiwemo. Karo limejaa kwa sababu kujaa ndiyo kazi yake.

Neno lenyewe "limejaa" ndilo linalotupotosha. Tunalifikiria karo kama pipa: unatia, unatia, siku moja linafika ukingoni, unamwaga, unaanza upya. Choo cha shimo kinakwenda karibu hivyo. Karo la septiki haliendi hivyo hata kidogo. Chukua ndoo, itoboe tundu moja karibu na ukingo, iweke chini ya bomba linalotiririka. Ikishafika kwenye tundu, kila kikombe kinachoingia kinasukuma kikombe kingine nje. Ndoo hiyo itakuwa imejaa leo, kesho na mwakani, na hakuna kilichoharibika. Tundu la karo ni bomba la kutokea, ambalo hukaa sentimita tano hadi saba chini ya bomba la kuingilia. Karo jipya lililojengwa vizuri hufika usawa huo ndani ya siku chache, kisha halishuki tena mpaka livutwe.

Sasa hesabu. Watu sita, kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku, wanatoa lita 480. Karo la lita 3,000 likivutwa hadi chini, litarudi kwenye usawa wake baada ya siku sita na kidogo. Dereva hakukuibia. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vya kupangisha na watu 20, hata wakitumia lita 60 tu kila mmoja, inalijaza karo hilohilo kwa siku mbili na nusu.

Kinachopaswa kuvutwa ni tope, na lenyewe halina haraka. Samahani kwa mfano huu, lakini hakuna ulio sahihi zaidi: acha tui la nazi litulie usiku kucha. Asubuhi mafuta yameganda juu, maji yako katikati, machicha yaliyopenya yamelala chini. Karo hufanya vivyo hivyo, ila huku chini vijidudu vinalila tope polepole. Kipimo kinachotumiwa sana na wabunifu ni lita 40 za tope kwa mtu kwa mwaka. Familia yetu ya watu sita inaweka lita 240 kwa mwaka, na karo la lita 3,000 huhitaji kuvutwa tope likichukua theluthi yake, yaani baada ya miaka minne hivi. Ukitaka kujua lako limefika wapi, funga kitambaa cheupe kwenye mti mrefu, uzamishe hadi sakafuni, subiri dakika chache, upandishe taratibu. Sehemu nyeusi ndiyo tope. Dawa za unga zinazouzwa kwa ahadi ya kulimaliza tope hazina ushahidi wa kutosha. Majaribio kadhaa yamelinganisha makaro yenye dawa na yasiyo nayo na tofauti iliyoonekana ni ndogo au hakuna. Vijidudu vyenyewe huja bure, na kila anayeingia chooni huviongeza.

Basi kama karo ni zima, nini kimekufa? Shimo la pili. Maji yakitoka karoni huingia kwenye shimo la kunyonya, lile lisilosakafiwa, lililojengwa kwa mawe au matofali yenye nafasi, na kutoka humo yanapaswa kunywewa na udongo. Kila aliyewahi kukamua nazi kwa kifumbu anajua linalofuata. Mkamuo wa kwanza unatiririka. Usipokikung'uta, machicha yanaziba ukili, na ukikamua tena tui linatoka kwa matone. Ukutani mwa shimo hujengeka utando mweusi unaoteleza, mchanganyiko wa chembe ndogo na vijidudu vilivyokufa na vilivyo hai, wakati mwingine mwembamba kama ganda la yai. Mchanga uliokuwa ukinywa mamia ya lita kwa kila mita ya mraba kwa siku hubaki ukinywa kama 50. Udongo wa mfinyanzi hubaki na 10 au pungufu.

Shimo la kipenyo cha mita 1.2 lenye kina cha mita 2.5 chini ya bomba lina ukuta wa mita za mraba 9.4. Kwenye mchanga linakunywa lita 470 kwa siku, karibu sawasawa na zile 480 za familia yetu. Kwenye mfinyanzi, lita 94. Nyumba ileile, fundi yuleyule, na bado ungehitaji mashimo matano. Kisha masika yanaingia na maji ya ardhini yanapanda, tuseme mita moja na nusu ndani ya shimo. Ukuta uliobaki mkavu ni mita moja tu, na hata kwenye mchanga unapata lita 188. Zilizobaki hazina pa kwenda, zinarudi karoni, kisha chembani, kisha bafuni.

Kuna kipimo kisichogharimu chochote cha ziada. Siku gari linapovuta, simama na uangalie bomba la kutokea usawa wa maji unaposhuka chini yake. Likikauka, shimo la kunyonya lina nafasi na shida iko kwingine, pengine bomba limezibwa na kitambaa. Maji yakianza kurudi nyuma kutoka shimoni kuingia karoni, umeshapata jibu: unalipia kuvuta shimo la pili kupitia la kwanza. Angalia pia kama ti ya inchi nne, kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T, bado ipo kwenye bomba hilo, mguu wake umezama kama sentimita 30 hadi 40. Ti ikianguka, mafuta ya juu yanakwenda moja kwa moja shimoni, na kifumbu kinaziba kabla ya wakati wake.

Tanga ina ajabu yake hapa. Ukielekea Raskazone, ambako jiwe ni la matumbawe, utasikia mtu akijivunia shimo lisilojaa tangu nyumba ijengwe. Hilo ndilo shimo la kuogopa. Jiwe hilo ni chokaa, na chokaa huyeyushwa na maji ya mvua mpaka ikapasuka na kufanya njia. Mapango ya Amboni, kilomita chache nje ya mji, ni kazi hiyohiyo iliyofanywa kwa muda mrefu sana. Jiwe lenye nyufa halichuji, linapitisha. Kanuni inayorudiwa kila mahali, kwamba kisima kiwe mita 30 kutoka shimoni, ilikusudiwa udongo unaochuja. Kwenye jiwe lenye nyufa mita 30 huenda zisitoshe, na kasi ya maji hutofautiana hata kati ya viwanja viwili jirani, kwa hiyo hakuna namba moja ya kumpa mtu.

Kwenye viwanja vya Ngamiani, ambako uani unabeba choo, jiko na kamba ya kuanikia, shimo la pili halina pa kukaa, la tano ndiyo usiseme. Na maji yanayoingia mjini yanaongezeka: mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya mji, ilitoa hatifungani ya kijani ya Sh53.12 bilioni, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji, ili kupanua huduma ya maji. Wahandisi huchukulia kwamba karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka yakiwa maji taka. Ndipo mtandao wa majitaka unapokuwa na maana, kwa sababu unahamisha kazi ya kunywa maji kutoka kwenye udongo wa mtaa kwenda mbali na makazi.

Ugumu wake ni mteremko. Bomba la nyumbani la milimita 110 linahitaji kushuka mita moja kwa kila mita 40 hadi 60. Mita 25 kutoka uani hadi barabarani hula nusu mita. Bomba kuu barabarani likishuka moja kwa 150, kila kilomita inazama karibu mita 6.7. Kwenye mji tambarare wa pwani unafika chini ya maji ya ardhini upesi, na hapo lazima pampu, na pampu inataka umeme hata saa nane za usiku. Wanaoishi bondeni kuliko barabara husubiri zaidi si kwa kusahauliwa, bali kwa sababu maji hayapandi yenyewe.

Ukiunganishwa, mambo mawili huharibu mapema. La kwanza ni mchanga na majivu ya kusugulia sufuria, ambayo hutuama bombani nyumba inapotumia maji kidogo. La pili ni mtu kuelekeza bomba la paa chembani. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 30 kwa saa moja linatoa lita 3,000, maji taka ya siku sita ya familia yetu kwa saa moja, na yatafurika kwenye chemba ya jirani wa chini.

Karo la zamani lisiachwe katikati ya njia ya bomba. Likibaki, linaendelea kukamata tope na kuhitaji gari, na sasa unalipa ankara mbili. Bomba jipya lizunguke, karo livutwe tope lote, sakafu itobolewe ili maji ya ardhini yasilinyanyue, kisha lijazwe kifusi na mchanga kwa tabaka za sentimita 30, kila moja ikishindiliwa. Shimo la kunyonya nalo hivyohivyo. Mfuniko wa zege uliokaa juu ya mvuke wa maji taka miaka 20 nondo zake huenda zimeliwa na kutu kwa ndani, na kwa juu usionyeshe chochote.